Baada ya Kibali cha Ndoa Ujerumani: Kibali cha Kudumu, Kibali cha Ulaya au Uraia?

Mtu aliyekwenda Ujerumani kwa kumfuata mume au mke huishi miaka yake ya mwanzo na tarehe iliyochapishwa kwenye kadi. Kadi hiyo ndiyo kibali chake cha kuishi, na kibali chenyewe kimefungamana na ndoa: ndoa ikiwa imara kadi huongezewa muda, ndoa ikiyumba na kadi nayo huyumba. Ndiyo maana mwaka wa tatu unapokaribia, mazungumzo kwenye misiba na harusi za Waswahili wa Hamburg, Berlin au München hurudi palepale. Mmoja husema, chukua uraia uachane na foleni za ofisi ya wageni. Mwingine husema, usithubutu kuitupa pasipoti ya kwenu. Wa tatu amesikia habari za kibali kinachofaa Ulaya nzima na anataka kujua kama ni kweli. Huenda wote wamesema kweli, ila kila mmoja amesema kweli ya nyumba yake.

Makala haya yanamhusu mtu aliyeoa au kuolewa na raia wa Ujerumani na anayeishi naye nchini humo. Ambaye mwenza wake naye ni mgeni mwenye kibali hufuata masharti mazito zaidi: kwa kawaida hungoja miaka mitano ndipo apate kibali cha kudumu, na huulizwa michango ya pensheni ya miezi 60, ingawa kwa wanandoa wanaoishi pamoja sheria huridhika mmoja wao akiwa ameitimiza.

Njia zinazolinganishwa ni tatu. Ya kwanza ni Niederlassungserlaubnis, ambayo hapa nitaiita kibali cha kudumu. Hutolewa na ofisi ya wageni ya mji au wilaya na haina tarehe ya mwisho wa ukaazi, ijapokuwa kadi yenyewe hubadilishwa mara kwa mara kama ilivyo kwa kitambulisho chochote. Ya pili ni Daueraufenthalt-EU, nitakayoiita kibali cha Ulaya. Nayo ni ukaazi wa kudumu unaotolewa na ofisi ileile, lakini msingi wake ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Ya tatu ni uraia wenyewe, unaoombwa kwenye idara ya uraia, ambayo katika miji mingi ni ofisi tofauti kabisa na ile ya wageni.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya kulinganisha ni vizuri kukubaliana tunapima nini, kwa sababu anayepima kwa muda wa kungoja atafika kwingine na anayepima kwa ardhi ya urithi atafika kwingine. Nimechagua vigezo sita: muda unaotakiwa, lugha na mitihani, mapato, kinachotokea ndoa ikivunjika au mwenza akifariki, uhuru wa kukaa nje ya Ujerumani kwa muda mrefu, na athari kwa uraia wa nyumbani. Gharama nimeziweka mwishoni, kwa kuwa tofauti yake ni ndogo na haipaswi kumwamulia mtu jambo la maisha.

Haki ya kufanya kazi haimo katika vigezo hivyo, na si kwa kusahau. Mwenye kibali cha ndoa tayari anaruhusiwa kufanya kazi yoyote, kuajiriwa au kujiajiri. Anayedhani kwamba kibali cha kudumu kitamfungulia soko la ajira atashangaa kuona kwamba kisheria hakuna kilichobadilika. Mabadiliko huonekana kwenye mambo ya pembeni yenye uzito wake: benki inayosita kumkopesha fedha za nyumba mtu ambaye kadi yake inakwisha mwakani, au mwajiri anayeogopa kumpeleka kwenye mafunzo ya miaka mitatu mtu wa namna hiyo.

Muda

Kibali cha kudumu huombwa baada ya miaka mitatu ya kuwa na kibali cha kuishi kwa msingi wa ndoa, na miezi iliyopita chini ya viza ya taifa, ile aliyoingia nayo kutoka ubalozini kwa ajili ya kuungana na mwenza, huhesabiwa humo. Sharti kubwa ni kwamba wanandoa wawe bado wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Uraia kwa mwenza wa Mjerumani nao unataka miaka mitatu ya kuishi nchini kihalali, na ndoa iwe imefikisha walau miaka miwili. Hapa pana mkanganyiko uliozagaa tangu Oktoba 2025. Mwezi huo Ujerumani ilifuta njia ya mkato iliyokuwa ikimruhusu mtu aliyejitahidi kupita kiasi katika lugha na kazi kupata uraia kwa miaka mitatu badala ya mitano. Habari zilipofika mitaani zilikuwa zimeshageuka kuwa "miaka mitatu imefutwa", na baadhi ya wanandoa wakaahirisha maombi yao bila sababu. Kilichofutwa ni njia ile ya mkato. Kanuni ya wanandoa ni nyingine na ilibaki mahali pake.

Kibali cha Ulaya hungoja miaka mitano ya ukaazi halali, na ndoa na Mjerumani haipunguzi hata mwezi mmoja.

Juu ya miaka hiyo kuna muda wa ofisi. Katika miji mikubwa maombi ya uraia yanaweza kukaa mwaka mzima na zaidi kabla ya mtu kuitwa, ilhali kibali cha kudumu mara nyingi hutoka mapema zaidi. Kwa hiyo njia mbili ambazo kwenye sheria zina miaka mitatu sawasawa, kwenye maisha hazifiki siku moja. Vyovyote iwavyo, maombi ya kibali yapelekwe kabla kadi iliyopo haijakwisha muda. Ofisi ikichelewa, hutoa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung, ambayo huendeleza haki alizokuwa nazo mtu hadi uamuzi utoke.

Lugha na mitihani

Wengi waliingia nchini wakiwa na cheti cha Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, walichokipata Goethe-Institut ya Nairobi au ya Dar es Salaam, na wakadhani kwamba lugha itakuja yenyewe. Kwa njia zote tatu kiwango kinachotakiwa ni B1, ngazi ya kati ya mtu anayejimudu katika mazungumzo ya kila siku, na hapo ndipo wengi hukwama kuliko penginepo. Sababu moja haizungumzwi sana: wanandoa waliokutana Diani au Nungwi wakizungumza Kiingereza huendelea na Kiingereza hichohicho jikoni kwao Ujerumani, na mtu anayefanya kazi ya usafi alfajiri au ya jikoni hotelini usiku hana mahali pengine pa kukisikia Kijerumani kwa utulivu. Kozi ya ujumuishaji, ile wanayoandaliwa wageni wanaohamia nchini, ina saa 600 za lugha na saa 100 za kujifunza sheria, historia na maisha ya nchi. Kuikwepa mwaka wa kwanza ili kuwahi kazi huonekana faida, lakini deni lake hulipwa mwaka wa tatu.

Zaidi ya B1, njia hizi hutofautiana. Kibali cha kudumu kwa mwenza wa Mjerumani hutosheka na lugha. Kibali cha Ulaya huongeza ujuzi wa msingi wa sheria na jamii ya Ujerumani, na kwa kawaida mtihani wa mwisho wa kozi ya ujumuishaji huuthibitisha. Uraia unataka mtihani wake: maswali 33 kwa dakika 60, matatu kati yake yakihusu jimbo unaloishi, na anayepata 17 amefaulu. Ada yake ni yuro 25. Maswali yote, 300 ya jumla na 10 ya kila jimbo, yamechapishwa hadharani, hivyo mtihani huu humshinda tu ambaye hakuyasoma. Mwombaji wa uraia hutakiwa pia kukiri kwamba anashika misingi ya katiba ya kidemokrasia, na tangu marekebisho ya mwaka 2024 hutamka kwamba anautambua wajibu wa kipekee wa Ujerumani kutokana na utawala wa Wanazi, hasa kuhusu ulinzi wa maisha ya Wayahudi. Ofisa akikuuliza maana yake, hapokei kichwa kilichotikiswa. Hutaka maneno yako mwenyewe.

Jambo moja zaidi, ambalo kwa wanaume wa pwani na wa bara walio na nyumba mbili si dogo: sheria ya uraia humkataa mtu aliye katika ndoa ya wake wengi kwa wakati mmoja, hata kama ndoa ya pili ilifungwa Zanzibar au Lamu na haikuandikishwa Ujerumani.

Mapato

Kanuni ya jumla kwa zote tatu ni kwamba familia ijitegemee bila kuishi kwa msaada wa serikali wa kujikimu. Posho ya watoto haihesabiwi kuwa msaada wa aina hiyo, na mshahara wa mwenza huingia kwenye hesabu ya nyumba. Hii ina maana kwamba mama anayelea watoto wadogo na asiye na mshahara wake hazuiliwi kuomba kibali cha kudumu wala uraia, iwapo kipato cha mume kinatosha kwa kodi ya nyumba, chakula na bima.

Kibali cha Ulaya ndicho kinachochunguza fedha kwa makini zaidi. Hudai mapato ya uhakika, kodi zilizolipwa, bima ya afya, nyumba yenye nafasi ya kutosha na maandalizi ya uzee, ambayo yanaweza kuwa michango ya mwombaji au ya mwenza wake. Kwa aliyeajiriwa kwa mkataba wa kudumu hilo ni suala la kukusanya karatasi. Anayesuka nywele au kupika vyakula kwa oda kwa jina lake mwenyewe huenda akahitaji kwanza kuweka sawa hesabu zake na mhasibu.

Ndoa ikivunjika, au mwenza akifariki

Watu hawapendi kulizungumza hili wakiwa na amani, na wakikosa amani huwa wamechelewa.

Kabla ya kupata mojawapo ya njia hizi tatu, mwenye kibali cha ndoa hulindwa na kanuni moja: ikiwa wanandoa wameishi pamoja Ujerumani miaka mitatu, basi wakitengana anaweza kupata kibali cha kujitegemea kwa mwaka mmoja, na baadaye kukiendeleza kwa kazi yake. Mwenza akifariki, au kukiwa na ukatili wa nyumbani, sharti la miaka mitatu linaweza kuondolewa. Hiyo ni kinga ya muda tu.

Kibali cha kudumu kikishatolewa, talaka haikiondoi. Vivyo hivyo kibali cha Ulaya, na uraia pia. Tofauti kubwa iko katika kipindi cha kungoja. Aliyeomba kibali cha kudumu kwa msingi wa ndoa, kisha wakatengana kabla ofisi haijaamua, amepoteza msingi wa ombi lake. Aliyeomba uraia kwa msingi wa ndoa naye hupoteza nafuu ya miaka mitatu na kulazimika kungoja mitano kama watu wengine. Kibali cha Ulaya peke yake hakiulizi habari za ndoa, kwani huhesabu miaka ya mtu mwenyewe. Aliyeachika mwaka wa nne na akaendelea kuishi kihalali anaweza kukipata mwaka wa tano kama kazi yake inamtosha.

Kwa anayeishi kwenye ndoa yenye nyufa, kwa hiyo, kasi ina thamani kuliko ukubwa wa hadhi: kibali cha kudumu kinachotoka mapema ni bora kuliko ombi la uraia linalolala kabatini. Kuficha utengano hadi karatasi itoke ni jambo jingine kabisa. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kubatilishwa ndani ya miaka kumi, na mwenza aliyekasirika ndiye shahidi wa kwanza.

Kukaa nje ya Ujerumani

Hapa ndipo njia hizi tatu zinapoachana kabisa, na ndipo Waswahili wengi huumia, kwa sababu sisi tuna wazazi wa kuuguza na nyumba za kujenga.

Kibali cha kudumu hufa mwenye nacho akikaa nje zaidi ya miezi sita, au akiondoka kwa nia isiyo ya muda. Anaweza kuomba kabla ya safari aongezewe muda, na ofisi ikikubali hutoa barua. Lakini kuna kifungu ambacho hata maofisa wengine hawakitaji wasipoulizwa: kibali cha kudumu cha mtu anayeishi katika ndoa na Mjerumani hakifi kwa sababu ya kukaa nje, ilimradi hana hatia nzito. Kwa maombi yake, ofisi ya wageni hutoa cheti cha kuthibitisha hilo, na mtu mwenye busara hukichukua kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa ofisa wa mpakani hawezi kujua habari za ndoa yako kwa kutazama kadi.

Fikiria wanandoa ambao mume Mjerumani amestaafu nao wakaamua kuhamia Kilifi au Ukunda, kama walivyofanya wengi kwenye pwani ya Kenya. Mke mwenye kibali cha kudumu analindwa na kifungu hicho kwa muda wote wanaoishi pamoja. Mume akifariki huko, kinga iliyosimama juu ya maisha yao ya pamoja hupoteza nguzo yake, na mjane anaweza kujikuta hana njia rahisi ya kurudi kwa wanawe walioko Köln. Angekuwa na uraia, swali hilo lisingekuwapo.

Kibali cha Ulaya kina kipimo kingine. Hufa baada ya miezi 12 mfululizo nje ya eneo la Umoja wa Ulaya, na baada ya miaka sita nje ya Ujerumani hata kama mtu alikuwa ndani ya Ulaya. Miezi 12 ni mara mbili ya miezi sita, na kwa mtu asiye na mwenza Mjerumani tena, tofauti hiyo ni kubwa: mwaka mmoja unatosha kumuuguza mzazi Tanga, kumzika akifika mauti yake, na kushughulikia mirathi.

Sifa iliyokipa kibali hiki jina ni uhuru wa kuhamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa Denmark na Ireland, ambazo hazimo katika mpango huo. Usidhani kwamba unahamia kama raia. Nchi unayokwenda hukupa kibali chake kwa masharti yake, na baadhi huangalia soko la ajira kwanza. Tena, wakati ndoa ipo, faida hiyo ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Mjerumani akihamia Uholanzi kufanya kazi, haki ya kumchukua mwenza wake inatokana na uraia wake yeye, na mwenza huifuata hata kama ana kibali cha kawaida tu. Kibali cha Ulaya humfaa hasa anayetaka kuhama kwa miguu yake mwenyewe.

Raia hana mipaka hiyo yote. Hukaa nje miaka kumi akarudi, huishi Lisbon au Vienna bila kumwomba mtu, na hupiga kura, haki ambayo vibali viwili vya kwanza havitoi hata kwa uchaguzi wa diwani.

Kuna njia ya kuchanganya. Mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani iliamua mwaka 2013 kwamba mtu anaweza kuwa na kibali cha kudumu na kibali cha Ulaya kwa pamoja, na mwenye vyote viwili hunufaika na kinga ya kila kimoja. Vilevile hakuna kinachomzuia aliyepata kibali cha kudumu mwaka wa tatu kuwa tayari ameomba uraia, akiwa ametulia wakati ombi likisubiri zamu.

Uraia wa nyumbani

Vibali viwili vya kwanza havigusi pasipoti ya nyumbani hata kidogo. Kinyume chake, vinaitegemea, kwa kuwa mwenye kibali lazima awe na pasipoti hai ya nchi yake, na kuihuisha ubalozini Berlin ni safari na gharama. Uraia ndio unaoleta hesabu.

Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haimdai mtu aukane uraia wake wa zamani. Watu wengi waliposikia hivyo walidhani kwamba tatizo limekwisha, lakini mlango una pande mbili, na upande wa pili hufunguliwa na nchi uliyotoka.

Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Katiba ya mwaka 2010 imelisema wazi, naye hutakiwa kuitaarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Anachopoteza ni nafasi ya kushika ofisi kuu za dola akiwa na uraia wote wawili, jambo ambalo wengi wetu tunaweza kulivumilia. Uganda inaruhusu kwa utaratibu wake wa maombi. Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu. Kwa watu wa nchi hizi, uraia wa Ujerumani ni nyongeza.

Kwa Mtanzania ni mabadilishano. Sheria ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia mbili, na anayeupata wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania. Mkongo naye yuko hapohapo: katiba ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kwa Mtanzania matokeo yanaonekana kwenye ardhi kabla ya mahali pengine popote, kwani asiye raia kwa kawaida hawezi kumiliki ardhi Bara isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Kiwanja cha Kigamboni kilichonunuliwa kwa jasho la miaka ya kuosha vyombo huko ughaibuni si jambo la kuachia bahati. Tanzania imeanza kuweka katika sheria hadhi maalumu kwa watu wenye asili yake walio raia wa nchi nyingine, na inafaa kuifuatilia, lakini hadhi hiyo si uraia.

Wapo wanaoishi na pasipoti mbili kimyakimya, moja ya kutokea na nyingine ya kuingilia. Sioni kuwa ni mpango wa kumshauri mtu mwenye watoto na mali; kuendelea kujitambulisha kama raia baada ya kuupoteza uraia ni kosa, na kosa hilo hugundulika siku ya mirathi, ndugu wanapogombana.

Gharama na karatasi

Ada ya kibali cha kudumu ni yuro 113, ya kibali cha Ulaya ni yuro 109, na ya uraia ni yuro 255 kwa mtu mzima, pamoja na yuro 51 kwa mtoto anayeingia naye na asiye na kipato chake. Tafsiri za vyeti hugharimu zaidi ya tofauti ya ada hizo, kwa kuwa ni lazima zifanywe na mfasiri aliyeapishwa.

Idara ya uraia ndiyo inayochimba zaidi: hutaka cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, na hati ya talaka kama kulikuwa na ndoa ya awali. Jina lililoandikwa Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, na Mwana Hamisi kwenye pasipoti linaweza kusimamisha faili kwa miezi. Kasoro ya namna hiyo ni rahisi kurekebisha ukiwa likizo nyumbani kuliko kwa simu kutoka Stuttgart, kwa hiyo zilinganishe hati zako mapema, ukiwa bado kwenye mwaka wa pili.

Nani anafaa njia ipi

Mtanzania au Mkongo mwenye ardhi, mirathi inayosubiriwa au nia ya kurudi kuzeekea nyumbani, na ambaye ndoa yake imetulia, anafaa kuanza na kibali cha kudumu na kuchukua kile cheti cha kukaa nje bila kupoteza haki. Mwaka wa tano ukifika, aongeze kibali cha Ulaya ikiwa mapato yanaruhusu. Kwa njia hiyo uraia wake haujaguswa, naye bado anaweza kuubadilisha baadaye sheria za kwao zikibadilika.

Mkenya, Mganda, Mnyarwanda au Mrundi aliyefikisha B1 na miaka mitatu hana sababu nyingi za kuchelewesha ombi la uraia kwa upande wa nchi yake. Hata hivyo, kama kadi yake inakaribia kwisha, aombe kibali cha kudumu kwanza, au vyote kwa pamoja, asije akakaa na karatasi za muda wakati idara ya uraia ikijivuta.

Ambaye ndoa yake ina mashaka lakini bado wanaishi pamoja na miaka mitatu imetimia, aweke kibali cha kudumu mbele ya kila kitu. Ambaye tayari wametengana, njia ya mwenza kwa kibali na kwa uraia imefungwa. Aombe kibali cha kujitegemea bila kuchelewa, aijenge kazi yake, na kuhesabu kuelekea mwaka wa tano, ambapo kibali cha Ulaya au uraia wa kawaida vitakuwa mbele yake. Anayepigwa au kutishwa asingoje tarehe yoyote: kanuni ya miaka mitatu ina msamaha kwa ajili yake, na vituo vya ushauri kwa wahamiaji hutoa msaada bila malipo.

Wanandoa wanaopanga kuhamia Afrika Mashariki moja kwa moja wakiwa na watoto watakaobaki Ulaya wazungumze habari ya uraia kabla ya kufunga mizigo, hata kama mmoja wao ni Mtanzania na jibu litauma, kwa sababu kibali cha Ulaya hakitavuka mwaka mmoja huko na kibali cha kudumu kitasimama kwa kutegemea uhai wa mtu mmoja.

Ambaye bado hajafikisha B1 hana cha kuchagua kwa sasa. Mwambie mwenza wako kwamba kuanzia kesho chakula cha jioni kitaliwa kwa Kijerumani, na uandikishe nafasi ya mtihani kabla ya kuandikisha miadi ya ofisi ya wageni.